Pumzi ya Kununua

Kwanza ilikuwa hamira.
Chupa ya soda ya lita mbili, sukari vikombe viwili,
mrija uliopitishwa kizibo na kuzibwa kwa gundi.
Kornél, muuza samaki wetu hapa Kőbánya,
alisema hiyo ni njia ya wanafunzi na wastaafu.
Mimi mstaafu. Nikaichukua.

Jumatatu ikatoa viputo kama maharage jikoni,
Alhamisi ikalegea,
Jumapili nyumba ikanuka,
na jirani akaniuliza kwa adabu
kama nimeanza kupika gongo la plamu.
Majani mekundu yakawa kahawia.
Mwani ukapanda kiooni kama deni.

"Kuna vidonge, Bi Etelka. Unatumbukiza, vinayeyuka."
Kuna na dawa ya majimaji, kifuniko kimoja kila asubuhi,
lakini hiyo, alikiri, si hewa ukaa,
ni jina lake tu.
Halafu kuna mtungi.
Mtungi, kidhibiti cha presha, geji mbili,
na vali inayojifunga taa zikizimwa,
maana usiku mimea nayo huitoa hewa ileile,
na samaki huamkia juu ya maji, vinywa wazi.
Bei akaiandika kiganjani mwake
kana kwamba karatasi ingeona haya.

Nikacheka. Mtungi ninao.

Uko stoo chini ya ngazi tangu baba afe,
wa kijivu, kilo kumi, umeegemea makaa yasiyowashwa tena.
Bertalan, mtengeneza maji ya gesi,
aliyepanda ghorofa tano tano na kreti begani,
chupa ikampasukia, ikamla vidole viwili,
naye akasema tu: gesi haimjui mwenye nyumba.
Hewa hiyo ilinivisha viatu.
Ilimlipia mama meno.
Nilipokuwa mdogo nilidhani inatoka kifuani mwake.

Nikaukokota kwa kigari cha sokoni hadi kwa mkaguzi,
tramu mbili na tope la theluji.
Szabolcs, kijana wa ndevu za juzi,
akausoma muhuri shingoni:
tarehe ilipita miaka thelathini na moja.
Akafungua, akamulika kwa tochi,
akaniita nichungulie.
Ukoko wa kutu, kama sufuria
iliyosahauliwa na mpishi wake.
Basi. Hapakuwa na mtu humo.

"Lazima niutoboe," akasema,
"asije mwingine akaujaza."
Niliomba kushika drili, akakataa.
Akaniachia nishike mtungi.
Nilingoja fyuu, hata kidogo.
Chuma kiliingia kwenye chuma, basi.

Sasa nina wa kilo mbili, wa aluminiamu,
nimeufunga mnyororo kwenye mguu wa kabati
kama mbuzi asiyeaminika.
Wiki ya kwanza kiputo kimoja kwa sekunde,
kisha viwili.
Maji ya kipimo yalikuwa buluu, yakawa kijani,
na siku niliyoingiwa na tamaa yakawa manjano:
uduvi wanne chali kwenye mchanga.
Kornél sikumwambia.

Geji ya baba niliomba nirudi nayo.
Hesi zake hazilingani na chochote kinachouzwa siku hizi.
Imekaa juu ya kifuniko cha tangi,
mshale umelala kwenye sifuri,
naipangusa vumbi ninapowalisha samaki.

Saa nne asubuhi vali inalia: tk.
Nakaa na chai yangu.
Kwenye saa saba hivi majani yanaanza kuvaa shanga,
kwanza yale ya nyuma, ambayo sikuyatarajia,
ushanga mmoja chini ya jani, unanenepa,
unang'ang'ania,
unaachia.
Nami bila kujua nimesogeza mguu pembeni,
kama anayempisha ngazini
mtu aliyebeba kreti.