Maji ya Bibi Ytsma

Miaka thelathini na mmoja nilitunza maji
kaskazini mwa Leeuwarden:
malango, pampu, mitaro ya mashamba ya viazi,
vipimo viwili kwa siku, penseli sikioni.
Najua nchi iliyo chini ya bahari inavyokaa kavu.
Inakaa kavu kwa sababu kuna mtu ameamka saa tisa usiku.

Kwa hiyo Daktari Hylkema aliponichorea kifua changu
nyuma ya bahasha, kwa wino mwekundu,
nikamsahihisha mishale.
"Hapa kushoto hakuna njia," nikamwambia.
"Mliifunga wenyewe."

Miaka tisa iliyopita walinifungua kwapa,
wakazoa matezi kumi na manne kama mtu anayechuma njegere,
wakashona. Mkono ukavimba majira mawili, ukatulia.
Sasa uvimbe umerudi kwenye titi lile lile,
mdogo, mkaidi,
kama mpangaji aliyeondoka na ufunguo.

"Ndiyo maana tunauliza," akasema.
"Limfu yako inapita wapi siku hizi?"

Siku hizi! Utadhani ni jirani aliyehama.

Sindano nne kuzunguka kovu,
dawa yenye mnururisho, haijai hata kijiko cha chumvi.
Nikalala chini ya kamera iliyoshuka hadi puani
ikakaa hapo, haipumui.
Durk alikuwa nje, anakunja skafu yangu, anaikunjua.
Dakika ishirini: kwapa la kushoto, giza.
Dakika arobaini: giza.
Fundi, kijana mwenye hereni moja,
akasema labda nitembee kidogo, nilikande titi.
Nikajikanda mbele ya mashine ya kahawa,
mwanamke wa miaka sitini na minane, bila haya.

Saa mbili baadaye nukta ikatokea.
Upande wa kulia.
Ilikuwa imevuka kidari,
imepita chini ya ngozi pasipo na mfereji kwenye ramani yoyote,
ikaingia kwapa ambalo halijawahi kuugua wala kushukiwa.
Kijana akaita wenzake waje watazame.
Mimi sikuiona nukta. Nilimwona Bibi Ytsma.

Mwaka wa tisini na nane nilifunga mtaro wa Feenstra,
nikashindilia udongo, nikaandika: umefungwa, salama.
Barafu ilipoyeyuka, Bibi Ytsma akapiga simu ofisini:
maji stoo ya chini, chupa zake za maharage zinaelea.
Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, mita mia tatu.
Nikaenda na ramani. Nikaitandaza juu ya meza yake,
nikamwonyesha kwa kidole kwamba haiwezekani.
Akaniletea chai. Hakubishana.
Alisema tu, "Basi, binti, teremka nayo.
Iambie ramani yako ivae gambuti."

Jumatatu walinipasua kulia.
Chombo kiliguna, kikaguna, kikapiga kelele,
ndivyo alivyonisimulia Hylkema,
wakakuta tezi moja ya buluu, kubwa kidogo kuliko dengu.
Wakaitoa hiyo. Mengine wakayaacha yalale.
Nikaamka nikakojoa kijani, kijani kabisa,
nikamwita Durk aje aone,
tukacheka hadi mshono ukanikemea.

Majibu ni Alhamisi.
Durk ameacha kunisomea gazeti kwa sauti.
Huenda tezi ni safi.
Huenda mpangaji alishaijua njia hiyo kabla yetu.
Sijui. Na mimi nimezoea kujua.

Bibi Ytsma ana miaka tisini na mitatu,
yupo Dokkum, kwenye nyumba ya wazee, masikio bado mazima.
Mkono wa kulia ni mzito,
nimemwandikia kwa wa kushoto, herufi zinapepesuka:

Bibi,
ni yule wa ramani.
Yalipita. Sasa nakuamini.