Pole ni Ushahidi

Dakika kumi na tano, alimwambia Leland Sauter,
nyuzi tatu, bandeji, halafu nyumbani.
Uvimbe wenyewe ukubwa wa harage, ubavuni mwa shingo,
laini, ukihepa chini ya kidole.
Kwenda Bismarck ni saa mbili za barafu
na ng'ombe wanazaa.
"Nitolee hapahapa, daktari."

Alitia sahihi bila kusoma.
Daktari Tveit alimsomea upesiupesi,
kama mtu asomaye bei ya kitu alichokwisha kununua:
kutokwa damu, usaha, kovu.
Mshipa wa fahamu haukutajwa.

Upo pale, mweupe, mwembamba kama tambi iliyopikwa,
unapita juujuu, karibu na ngozi,
kana kwamba Muumba siku ile alikuwa na haraka.
Sikuuona: ndilo neno analoliandika usiku,
analifuta,
analiandika.

Wiki ya tatu Leland akaja, koti mkononi.
"Tazama," akasema, akajaribu kulitundika.
Mkono ulifika usawa wa kifua
ukasimama, kama punda aliyefika darajani.
Hakugomba. Alilihamishia mkono wa pili,
akalitundika, akaketi.

Watu wa bima walipiga simu kabla ya chakula cha mchana.
Usiguse faili. Usiongeze hata nukta.
Na usimwambie pole.
Kwa lugha yao, neno la kumpa mtu pole
na neno la kukiri kosa ni neno lilelile,
na mahakamani hakuna wa kuyatenganisha.

Husemwa kuteleza si kuanguka.
Labda, kama kilichoteleza ni mguu.

Sasa mlangoni pa kliniki pana karatasi:
Hatukati tena vivimbe, chunjua,
wala kucha zilizoota ndani ya nyama.
Mwanamke aliyembeba mtoto anaisoma,
anaangalia mafuta ya gari,
anaisoma tena.

Aprili, theluji imebaki mitaroni tu.
Daktari anapita kando ya shamba la Sauter
anamwona akikaza seng'enge kwa mkono wa kushoto,
misumari iliyopinda imetapakaa miguuni pake.
Anapunguza mwendo. Anashusha kioo.
Upepo unaingia na harufu ya samadi,
neno limemkaa mdomoni kama kipimajoto.

Akazima gari, akaruka mtaro,
akamshikia waya.