Vuli Mbili

Bi Kavutha alikuja dukani Ngara siku ya Jumanne
na simu iliyopasuka kioo, akaipangusa kwa leso.
"Niweke hapa," akasema. "Kando yake."

Pichani: Mutisya kwenye benchi, katika bustani ya watu,
koti hadi magotini, na nyuma yake miti
inayowaka bila moshi. Majani mekundu, ya dhahabu,
mengine rangi ya chai iliyosahauliwa mekoni.
Upande wa kushoto wa benchi, nafasi tupu.
Hapo ndipo alipogusa kwa kidole.

Nikafungua kamusi, maana sikujua faili nilipe jina gani.
Kamusi ikasema: vuli.
Nikacheka peke yangu. Vuli naijua.
Ni mvua inayofunga Barabara ya Thika,
ni kuanika nguo na kuanua, kuanika na kuanua,
ni maharagwe kuchomoza kwao Masii.
Neno lilelile. Kwa Mutisya, jani linakufa.

Tukaenda City Park saa saba mchana.
Benchi tulipata; tumbili akahama akinung'unika.
Mijakaranda ilikuwa imemwaga kila kitu chini,
zambarau juu ya nyasi, zambarau juu ya takataka.
Akaketi, na bila kuambiwa
akaacha nafasi ya mtu mmoja, mkono wake wa kushoto.

Usiku nikaanza kupika rangi.
Zambarau nikaivuta kuelekea wekundu, ikakataa,
ikawa waridi ya keki ya harusi.
Nikapunguza buluu. Nikaongeza joto.
Kijani cha nyasi nikakichosha
mpaka chenyewe kikakubali kuwa manjano.
Stima ikapotea mara mbili; mara ya pili sikuwa nimehifadhi.
Saa nane majani yalifanana, karibu.
Kilichonishinda ni kivuli.

Jua la Mutisya limelala. Kivuli chake kirefu
kimevuka njia, kimefika nyasi za ng'ambo.
Jua letu la saa saba limesimama utosini:
kivuli cha mama kimejikunja chini ya viatu
kama paka aliyekatazwa kuingia ndani.
Rangi hudanganyika ukiibembeleza.
Kivuli hakibembelezeki.

"Itabidi turudi jioni," nikamweleza.
Akanitazama kama anavyotazamwa fundi
aliyekata kitambaa kifupi.
Lakini Alhamisi alirudi, kwa nauli yake, viatu vilevile,
saa kumi na moja, jua likianza kuinama.
Kivuli chake kikarefuka. Kikagusa shina la mti.
"Bado kidogo," nikasema. "Bado."

Mvua ikaingia kutoka upande wa Muthaiga, bila hodi.

Basi hakuna jua, hakuna kivuli,
leso imelowa, maua yamemganda mabegani,
na mama anacheka, mdomo wazi, jino la pembeni halipo,
kiganja chake kakiweka juu ya ile nafasi
kama anayemshikia mtu kiti.
Nilibonyeza mara moja. Lenzi ilikuwa na matone.

"Hii," akasema dukani. "Usiiguse."
"Na yale majani mekundu?"
"Anayo."

Akalipa mia tatu, akadai na nakala ya karatasi,
akaipuliza kama uji japo ilikuwa imeshakauka.
Ile nyingine, ya kupikwa, ingali kwenye kompyuta.
Siifuti, siioneshi.

Kwenye kaunta lilibaki ua moja
lililodondoka begani mwake. Sikulifagia.
Ijumaa lilikuwa limesinyaa.
Jumatatu nilipofungua duka, bila mkono wa mtu,
lilikuwa limefikia ile rangi ya chai
niliyoitafuta usiku kucha.