Parafujo Moja

Bawaba ya mlango wa jikoni imelegea.
Inataka parafujo,
fupi, ya shaba, kichwa bapa.
Moja tu.

Zamani ningevuka barabara.
Orval Dietz angevaa miwani yake iliyofungwa uzi,
angeinama hadi saraka ya nne kutoka chini,
harufu ya mafuta na chuma ikimtangulia:
"Ya jikoni? Ule mlango uliovimba mwaka wa mafuriko?"
Angeniwekea kiganjani parafujo moja, senti saba,
au bila senti, kwa kalamu ya risasi, daftarini:
Nadine, parafujo 1.

Kisha likaja Duka.
Tulilipokea kwa bendi ya shule na puto za bluu,
meya akakata utepe kwa mkasi mrefu kama mkono wa mtoto.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Lilikaa juu ya shamba la ngano la akina Brubaker,
pana, jeupe, bila dirisha hata moja,
upepo wa Kansas ukilizunguka kutafuta pa kuingilia.

Sitamsingizia mtu. Nilikwenda siku ya kwanza.
Mkebe wa rangi ulishuka dola nne,
na dola nne zilikuwa maziwa ya wiki.
Nikirudi nilipita mbele ya kioo cha Orval
uso nimeuelekeza ng'ambo,
kama mtu anayesoma mawingu.

Hata kazi nilipata humo, keshia, kaunta ya sita.
Likafungwa duka la viatu, ikafuata famasia ya Pruitt,
ukafuata mkate wa Bi Lindquist, ule wa kisibiti,
ambao hadi leo ulimi wangu unaudai.
Orval alishikilia miaka mitatu.
Asubuhi moja nikamkuta mlangoni petu,
kizibao cha bluu kimemzidi mabega,
analipwa kwa saa kusema karibu.
"Karibu, Nadine."
Hapakuwa na kejeli ndani yake.
Hilo ndilo lililoniuma.

Miaka kumi na saba. Halafu Alhamisi ya Januari,
karatasi mlangoni, mistari mitano,
imesainiwa na cheo, si jina:
tawi halikufikia matarajio.
Matarajio ya nani, hawakuandika.

Sasa tuna ekari tisa za maegesho,
magugu yakichomoza palepale ilipochorwa mistari,
kana kwamba nayo yameambiwa yapange foleni,
na maili arobaini na mbili hadi dawa ya kikohozi.

Nimeziendesha leo, kwenda na kurudi,
theluji ikipiga kioo.
Huko hawauzi moja. Pakiti ni hamsini,
katika plastiki ngumu inayokata kidole kabla haijafunguka.

Mlango umekaa sawa.
Zilizobaki, arobaini na tisa,
nimezitia kwenye chupa ya jamu, juu ya friji.

Jioni Thelma wa nyumba ya pili akabisha:
kiti chake kinayumba, sijui, labda ninayo...
Nikainamisha chupa, nikamwekea moja kiganjani.
Akauliza bei.

Nikabaki nimesimama, mdomo wazi,
mkono wangu mwingine ukipapasa mezani
kutafuta kalamu ya risasi.