Usiipe Bahari Mgongo

Kibao kina lugha tano,
na juu yake taa, kama zile za njia panda.
Leo inawaka nyekundu.
Hallbera, ndani ya koti la kikosi cha uokoaji,
anahesabu watu ufukweni: kumi na wanne, kumi na watano,
na yule wa kofia ya manjano
aliyeiruka kamba kana kwamba kamba ni utani.

Mchanga wa hapa ni mweusi, masizi ya sufuria.
Mawimbi saba huja kwa adabu,
yakalamba, yakarudi, yakalamba, yakarudi,
mgeni akadhani wameshazoeana.
La nane halipigi hodi.

Hallbera si mtu wa kelele.
Mshahara wake unatoka kwenye breki za mabasi,
kazi inayotaka mtu mkimya, mwenye masikio.
Lakini Jumamosi, akiwa zamu,
koo lake ni mali ya kijiji.
Akapayuka kwa Kiaislandi.

Kofia ya manjano ilikuwa imeipa bahari mgongo,
simu juu, kidevu juu,
ikitafuta pembe ambayo pua ingependeza.
Neno hakulielewa. Sauti aliielewa.
Akakimbia. Maji yakamdaka kiunoni,
yakamvuta, yakafikiri,
yakamwacha.
Yakaondoka na kiatu cha kushoto.

Mkahawani meno yanamgongana.
Anaitwa Anselmo, daktari wa meno, wa Porto,
na hilo la meno halimchekeshi mtu bado.
"Sikujua," anasema.
"Kibao kina Kireno."
"Nilikiona." Anatazama sakafu. "Nilikipiga picha."

Wahenga wetu walisema, ukienda kwa wenye chongo
nawe fumba lako jicho.
Siwapingi.
Ila kwa ufuko huu ningewaomba ruhusa:
fumbua yote mawili,
na la tatu, kama unalo.

Hallbera angeweza kumkaripia, ulimi ulikuwa tayari.
Badala yake anamletea soksi za sufu,
kazi ya shangazi yake Ráðhildur, asiyejua kuhesabu mishono:
moja inafika gotini, moja imechoka njiani.
Na anakumbuka Februari, Chiang Mai,
alipokanyaga kizingiti cha hekalu
kwa mguu wake mpana, kidole kikichungulia tundu la soksi.
Muuza mashada ya yasmini alimvuta mkono wa blauzi,
akaonyesha kizingiti, akaonyesha mguu,
kisha akainua wake juu, juu mno,
kama anayevuka mtaro wa mvua,
akacheka.
Hakumtoza faini. Hakumwita mshenzi.
Aibu ilimpanda Hallbera masikioni ikalala huko siku mbili.
Hadi leo huvuka hivyo hata mlango wa jikoni kwake,
na mumewe Kolbeinn huinama kutazama
kuna nini hapo chini.

"Kipi kingine nisichokijua?" anauliza Anselmo.

Kahawa inamiminwa tena.
"Lile zulia la kijani juu ya miamba, usilikanyage.
Lilianza kuota kabla ya babu wa babu yangu,
unyayo wako utabaki kama kovu.
Usisimamishe gari katikati ya lami kwa ajili ya farasi,
hata akikukonyeza.
Na kwenye bwawa la maji moto, oga kwanza.
Kwa sabuni.
Uchi."
"Uchi?"
"Yupo mzee wa zamu. Atakurudisha."

Hapo Anselmo anacheka, na kikombe kinatulia mkononi.

Dirishani, mtu mwingine ameinua mguu juu ya kamba.
Hallbera anatafuta koti lake, mkono mmoja umekwama,
na Anselmo ameshatoka,
soksi moja gotini, moja njiani,
anakimbia juu ya changarawe akipayuka Kireno,
na upepo unayakataa maneno,
unabeba sauti tu.