Safu ya Nne

Morag Petrie, miaka hamsini na mitatu,
hukaa safu ya nne, karibu na mlango.
Mazoea hayo. Miaka ishirini na miwili
ndiye aliyeshika funguo.

Nje, Dundee imelowa mvua ya mshazari.
Ndani, mhadhiri kijana anachora grafu:
umri huku, makosa kule,
kilima kinachopanda hadi kumi na tisa
kisha chateremka, taratibu, kama mtu aliyechoka.

"Wengi huacha wenyewe," asema. "Kwa nini?"

Vijana wananakili.
Morag haandiki.
Anamwona Struan, chumba cha kumi na moja,
kumi na tisa kamili, kileleni hasa,
akigonga mlango usiku wa manane:
Afande, saa ngapi?
Kila usiku. Saa ngapi.
Naye, buti zikimbana, alijibu:
Lala.

Struan hakuteremka.
Kwenye grafu hana hata nukta.

Mhadhiri anauliza tena. Kimya.
Mkono wa Morag unapapasa kiunoni,
pale liliponing'inia shada la funguo,
haupati kitu,
ndipo unapanda juu.