Magoti ya Shaweji

Nyuma ya nyumba yetu, hapa Mtandi, kuna jiwe
lenye mgongo mpana kuliko paa la ghala la chama.
Watoto wanalipanda kwa mikono, wanalishuka kwa matako,
na jiwe halina haya: linakula kaki,
linakula tetroni, limekula kaptula ya shule
iliyokuwa na siku nne tangu itoke kwa fundi.
Shaweji akitoka huko huingia ndani kinyumenyume.
Shikamoo mama.
Marahaba. Geuka.
Hageuki.

Jumamosi nikaenda Mkuti.
Belo lilipokatwa kamba nilikuwa mbele,
na Kazumari anazirusha hewani:
"Jinzi! Jinzi hii, mama, hata ukaiburuza na pikipiki!"
Sikubishana naye. Mdomo haushoni.
Niliigeuza ndani nje, kwa kuwa nguo nayo
huwavalia wageni upande mmoja tu.
Nilitafuta mshono wa mistari miwili.
Nilivuta paja, nikategea sikio:
kitambaa kizuri hunyamaza,
kibovu hulia trrr, kwa chini,
kama mtu anayedaiwa akiitwa jina.
Niliinua goti juani, jua likapita
kama kwenye chekecheke. Nikairudisha.
Nyingine ilivutika kama mpira wa manati.
"Hiyo ndiyo fasheni," akaniambia.
Fasheni haijawahi kulikalia lile jiwe.
Nyingine ilikuwa imechanwa makusudi, magoti yote mawili,
hukohuko ilikotoka,
na bei yake juu kuliko zote.
Nilicheka hadi muuza dagaa akauliza kuna nini.
Nikamwambia, fundi wa kazi hii ninaye nyumbani,
ana miaka minane,
na hachaji kitu.

Nilirudi na fungu la nyanya.

Ndipo nikaiona kambani, ile ya baba yake
ya kupulizia salfa.
Misimu sita mikoroshoni, umanjano umeingia hadi kwenye uzi,
hautoki kwa sabuni wala kwa dua.
Akiivua, inasimama yenyewe.
Nilivuta paja: kimya.
Niliinua goti juani: giza.

Fundi Nachinuku alivunja sindano mbili,
ya tatu akaipaka sabuni,
uzi akauomba kwa mshona viatu wa jirani.
Magotini kitambaa mara mbili, matakoni mara tatu.
Baba Shaweji aliporudi alitafuta, akatafuta tena,
mara akaona rangi ya salfa inakimbia kuelekea jiweni.
"Na mimi, mwezi wa sita, nitapulizia nimevaa nini?"
Kanga, nikamjibu.
Hakucheka mpaka usiku, taa ilipozimwa.

Basi jiwe likapata mwenzake.
Mikorosho ikapuliziwa, ikachanua, ikaangusha,
magunia yakapimwa, malipo ya pili yakatoka,
na suruali haina tundu la kupitisha sisimizi.
Nilimwonyesha jirani. Nilimwonyesha hata mwalimu wake.
Nilidhani nimeshinda.

Leo asubuhi amesimama mlangoni,
usoni hana kosa lolote,
amegeuka kabla sijamwambia.
Nikatazama chini.
Vifundo vyote viwili viko nje,
na juu yake shubiri nzima ya muundi
ambayo sikumbuki kuiona ikija.
Nikapapasa pindo. Hakuna pindo,
nilishalikunjua mwezi wa tisa.
Nikapapasa goti. Zima.

Nimekaa kizingitini nimeipakata,
sindano iko mkononi, na sina pa kuichoma.
Somoe, wa miaka mitano, ameshaingiza mguu mmoja.
Amezama hadi kwapani,
anapapasa huko nyuma kama mnunuzi aliyekomaa.
"Mama," ananiuliza,
"mfuko huu unaingia mawe mangapi?"